Kano za Kiuno na Maumivu ya Mgongo

Wazee wetu walisema, kuinamako ndiko kuinukako. Methali hiyo hutumiwa kwa kufundisha unyenyekevu, lakini leo twataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa: mtu ainamapo kwa kazi, huinuka namna gani, na kwa nini mara nyingine huinuka na maumivu?

Katika nchi ya pwani, tangu Bagamoyo kupita Makurunge hata Saadani, ni nadra kupata kazi ya mkono isiyomtaka mtu ainame. Mkulima huinama kwa palizi ya mhogo na kwa kupanda mpunga katika bonde la Ruvu. Mkata miwa huinama ili panga lipige shina karibu na udongo. Mvuna chumvi huinama juu ya koleo lake, na mchoma mkaa huinama kufukua tanuri na kujaza magunia. Wanawake wa Mlingotini wapandao mwani huinama maji yakupwapo, na hawana nafasi ya kungoja, maana bahari hairudishi saa. Jioni wengi wao hushika viuno kwa mikono miwili na kusema, “Mgongo wangu umekatika.”

Mgongo haukukatika. Lakini kuna jambo limetokea ndani yake, na yafaa kila mwenye kusoma alijue na kuwaeleza wengine. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na ya kuwa hapana maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi wasifanye kazi zao. Basi jambo hili si la mtu mmoja mvivu, wala si la uzee peke yake.

Wako watu wasemao ya kuwa kila maumivu ya kiuno ni figo. Wengine husema ni ngiri, na wengine hufikiri wamerogwa na jirani. Ni kweli ya kuwa figo likiugua laweza kuuma upande wa mgongo. Lakini madaktari wamekuta ya kuwa katika wagonjwa kumi wa maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana ugonjwa maalumu uwezao kuonyeshwa kwa kidole: si figo, si uvimbe, si mfupa uliovunjika. Kwa wengi katika hao maumivu yahusiana na namna mgongo unavyotumiwa na unavyopumzishwa, ingawa wasiwasi, kukosa usingizi na huzuni nazo huyazidisha. Ili kufahamu jambo hili, sharti kwanza tujue kiuno kimejengwa namna gani.

Namna kiuno kilivyojengwa

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shingoni ziko saba, kifuani kumi na mbili, na kiunoni tano. Hizi tano za kiunoni ndizo kubwa kupita zote, maana huchukua uzito wa kichwa, kifua, mikono na kila kitu mikono ilichokishika. Kati ya pingili na pingili mna diski, nayo ni kama kitako kilichotengenezwa kwa nyuzi ngumu pembeni na kitu laini chenye maji mengi katikati. Diski huzuia mfupa usisagane na mfupa, tena huruhusu mgongo kupinda.

Lakini pingili na diski peke yake haziwezi kusimama. Mtazame mlingoti wa jahazi. Mti ule ni imara, lakini pasipo kamba za kuushikilia upepo ungeulaza. Mgongo nao una kamba zake, nazo ndizo kano, yaani mikanda migumu ifungayo mfupa kwa mfupa. Kano si misuli. Msuli huweza kujikaza na kujilegeza kwa amri ya ubongo; kano haiwezi kujikaza, hushika tu kama kamba ishikavyo.

Kiunoni kano ni nyingi, na kila moja ina kazi yake. Moja ndefu hupita mbele ya pingili zote na kuzuia mtu asipinde mno kwa nyuma. Nyingine hupita nyuma ya miili ya pingili, karibu na njia ya mishipa ya fahamu. Iko kano ya rangi ya manjano iunganishayo pingili kwa nyuma. Hiyo hunyumbuka kama mpira, na mtu anyokapo hujirudi bila kujikunja ndani na kuibana mishipa. Ziko kano kati ya miiba ya pingili, ile miiba uigusayo ukipapasa mgongo, na iko nyingine ipitayo juu ya ncha za miiba hiyo. Vifuko vya nyuzi huzunguka viungo vidogo vya nyuma. Mwisho, ziko kano nene zifungazo pingili za chini kwenye mfupa wa nyonga, kama kamba zifungazo mlingoti penye shina lake.

Mtu ainamapo, kano zote za nyuma huvutika. Zina mishipa ya fahamu ndani yake, hivyo zaweza kuhisi mvuto na zaweza kuuma.

Misuli ilalapo, kano hufanya kazi

Mtu akisimama wima na kuanza kuinama polepole, misuli ya mgongo hujikaza ili kuuzuia mwili usianguke mbele. Twadhani basi ya kuwa akiinama kabisa, hata mikono ikakaribia udongo, misuli ile hujikaza zaidi. Sivyo. Katika miaka ya 1951 na 1955 wataalamu wawili wa Uingereza, Floyd na Silver, walieleza jambo la ajabu walilolipata kwa kupima nguvu ndogo za umeme zitokazo katika misuli ya watu wainamao. Waliona ya kuwa mtu akifika mwisho wa kuinama, misuli mingi ya mgongo hunyamaza kana kwamba imelala. Hapo uzito wa mwili wa juu huangikwa hasa juu ya kano na diski.

Ndiyo sababu mtu apandaye mpunga aweza kukaa ameinama muda mrefu asihisi uchovu mkubwa. Misuli imepumzika, lakini kano zinafanya kazi badala yake, nazo hazipigi kelele upesi. Adui wa mkulima hapa ni ule utulivu: mtu hudhani ya kuwa hadhuriki kwa sababu haumii bado.

Kamba ya usumba

Mtu wa pwani anajua tabia ya kamba ya usumba. Funga jiwe kwenye kamba mpya na kuitundika kwenye tawi la mwembe. Kwanza kamba hushuka kidogo. Ukirudi jioni, utaona jiwe limeshuka zaidi, ingawa uzito wake haukuongezeka. Ukiliondoa, kamba hairudi mara moja kuwa fupi kama kwanza. Hurudi kidogo kidogo, tena si yote.

Kano za kiuno zina tabia iliyo karibu na hiyo. Katika mwaka 1992, McGill na Brown wa Kanada walieleza namna walivyowaweka watu katika hali ya kuinama kabisa kwa dakika 20. Kadiri muda ulivyopita, migongo yao iliweza kupinda zaidi na zaidi, maana nyuzi zilikuwa zikinyooka na kulegea. Waliposimama, baada ya dakika mbili karibu nusu tu ya ulegevu ule ulikuwa umekwisha, na hata baada ya nusu saa haukuisha wote.

Maana yake ni nini kwa mkulima? Ni hii: akisha kuinama kwa palizi dakika 20 au zaidi, kisha akainuka na papo hapo akanyanyua gunia, anyanyua akiwa na kamba zilizolegea. Mlingoti umesimama, lakini kamba zake hazijakazwa. Kiungo huweza kuteleza kidogo kupita mpaka wake wa kawaida, nyuzi zikachanika, na misuli ikajikaza kwa ghafla ili kukilinda. Mtu hulia “Aa!” na kubaki ameinama. Watu husema gunia ndilo lililomuumiza. Kweli gunia lilikuwa la mwisho tu, na kazi iliyotangulia ndiyo iliyotengeneza njia.

Saa za alfajiri

Liko jambo la pili ambalo mkulima hupaswa kulijua, maana desturi yetu ni kwenda shambani kabla ya jua kali. Mtu alalapo usiku, diski zake hunywa maji na kuvimba kidogo. Asubuhi yu mrefu kuliko jioni. Mtu mzima mwenye kimo cha sentimita 170 hupungua katika mchana kwa sentimita moja na nusu au zaidi kidogo, na karibu nusu ya upungufu huo hutokea katika saa ya kwanza baada ya kuamka.

Diski iliyovimba huzivuta kano zilizoizunguka, kama gunia lililojazwa mno livutavyo uzi wa mshono. Katika mwaka 1987 Adams na wenzake walihesabu ya kuwa mtu akiinama sawasawa asubuhi na jioni, mkazo wa asubuhi huzidi ule wa jioni: katika kano za nyuma huzidi kwa asilimia 80 hivi, na katika diski kwa asilimia 300 hivi. Katika mwaka 1998 Snook na wenzake wa Marekani walieleza namna walivyowafundisha watu wenye maumivu ya siku nyingi wajizuie kuinama katika saa za kwanza za asubuhi. Siku zao za maumivu zilipungua.

Hatusemi mkulima alale mpaka jua lipande. Twasema apange kazi zake. Katika saa ile ya kwanza atembee kwenda shambani, anoe panga, akague mipaka, afukuze ngedere na nguruwe, achume kilicho juu ya mti. Kazi ya kuinama sana na ya kunyanyua vizito aiweke baadaye kidogo.

Hesabu ya wenzo

Sasa tutazame mzigo. Mwalimu wa shule amekwisha kuwafundisha watoto habari za wenzo: mkono mrefu wa wenzo hushinda uzito mkubwa. Mgongoni hesabu hiyo hutugeuka sisi wenyewe. Misuli ya kiuno ivutayo kwa nyuma iko karibu sana na katikati ya pingili, kadiri ya sentimita tano au sita. Mzigo uko mbele. Ukishika kitu cha kilo 20 mbali nawe sentimita 50, misuli yako yapaswa kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili kuusawazisha mzigo ule peke yake, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako. Ukiukaribisha mzigo huo huo mpaka sentimita 25, nguvu itakiwayo huwa nusu. Uzito haukubadilika hata kidogo. Umbali ndio uliobadilika.

Katika mwaka 1999 wataalamu wa mji wa Ulm, Ujerumani, walieleza vipimo walivyopata ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, wakiwa wamemwekea chombo kidogo cha kupimia kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Alipolala chali, mkandamizo ulikuwa sehemu moja ya tano ya ule wa kusimama. Aliposhika kilo 20 karibu na kifua, ulikuwa mara mbili na zaidi ya kusimama. Alipoinua kilo hizo kwa kukunja magoti, ulikuwa mara tatu na zaidi. Alipoziinua kwa kukunja mgongo na kunyosha miguu, ulikuwa mara nne na nusu. Huyu alikuwa mtu mmoja tu, na vipimo vya watu hutofautiana. Lakini mwelekeo wake wapatana na hesabu ya wenzo.

Ndiyo maana desturi yetu ya kutwikana ni desturi ya hekima. Mwanamke atekaye maji humwita mwenzake amtwike ndoo. Wawili huiinua pamoja mpaka kichwani, na uzito hushuka wima juu ya mifupa badala ya kuning'inia mbele. Katika mwaka 1986 wataalamu waliofanya kazi Kenya walieleza ya kuwa wanawake wa Kijaluo wachukuao mizigo kichwani, na wa Kikikuyu wachukuao kwa ukanda wa kipajini, waliweza kuchukua mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia hewa zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Lakini tusidanganyike: hapo kilichopimwa ni pumzi, si shingo wala mgongo. Mzigo ukizidi kiasi, shingo hulipa. Tena hatari kubwa ni wakati wa kujitwika peke yako na wakati wa kutua.

Mzigo wa mpagazi na gunia la lumbesa

Bagamoyo ni mji uliojulikana kwa wachukuzi. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe ilishuka hapa kutoka Unyamwezi, na misafara ya nguo na shanga ilipanda kutoka hapa. Mzigo wa desturi wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hata 70, yaani karibu frasila mbili, nazo ni kilo 27 hata 32. Watu wale walikuwa hodari waliozoea safari za miezi, na kazi yao ilikuwa ngumu sana. Hata hivyo uzito ulikuwa na mpaka uliojulikana na watu wote, na mpagazi aliyezidishiwa alijua ya kuwa amezidishiwa.

Leo twaona gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu mpaka likapita kipimo, likitupwa juu ya mgongo wa kijana mmoja ili alipandishe garini. Sheria ya Vipimo ya Tanzania hukataza mazao kufungashwa kwa uzito uzidio kilo 100. Watu hufikiri sheria hiyo ni kwa ajili ya mkulima asipunjwe bei tu. Kweli ni ya bei, lakini mgongo wa kuli nao wafaidika. Tena hata kilo 100 si mzigo wa mtu mmoja. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limeshauri ya kuwa mtu mzima mwanamume asichukue kwa mikono zaidi ya kilo 55, na wanawake na vijana wapewe pungufu ya hapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wahenga, na anunuaye kwa lumbesa hahisi uzito anaoununua.

Wako watakaosema, “Tuwafundishe watu kuinua vizuri, inatosha.” Haitoshi. Majaribio mengi yameonyesha ya kuwa kufundisha namna ya kuinua peke yake hakupunguzi sana maumivu, ikiwa chombo na mzigo ni vile vile. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba walilazimishwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi, wa sentimita 30 hata 60, na hivyo kuinama mchana kutwa. Wenye mashamba walisema ya kuwa jembe refu litaharibu miche. Madaktari walishuhudia ya kuwa jembe lile lilikuwa likiharibu migongo ya watu wangali vijana. Katika mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua upande wa vibarua, na jembe fupi likapigwa marufuku. Mashamba yakaendelea kulimwa kwa majembe ya mpini mrefu, na mavuno hayakukoma.

Yafaayo kutendwa

1. Kwa palizi, mpini wa jembe uwe mrefu kadiri ya kumwezesha mtu kufanya kazi akiwa ameinama kidogo tu. Mti wa mpini hauna bei kubwa porini. Kiuno hakinunuliwi dukani.

2. Asiinamaye ni nadra, lakini usiiname muda mrefu bila kukatiza. Kila ufikapo mwisho wa tuta, simama wima, weka mikono kiunoni, jinyoshe kwa nyuma taratibu mara tatu au nne.

3. Baada ya kuinama au kukaa kitako muda mrefu, hata katika gari, usinyanyue kizito mara moja. Tembea kwanza dakika chache. Kamba zikazike kabla tanga halijapandishwa.

4. Uinuapo, kwanza uvute mzigo karibu na mwili, uweke miguu imara, ukunje magoti na nyonga, uinuke bila kujipinda upande. Ukitaka kugeuka, geuza miguu.

5. Mizigo mizito ichukuliwe na watu wawili, au kwa rikwama, au igawanywe. Wenyeviti wa vijiji na viongozi wa vyama vya wakulima waweza kusaidia sana kwa kukataa lumbesa penye maghala na minada.

6. Magunia na ndoo viwekwe juu ya kichanja au meza kadiri ya kiuno, ili mtu asivitoe chini kila mara.

7. Mwenye mimba asiachiwe kunyanyua vizito peke yake. Katika miezi ile mwili huzilegeza kano za nyonga ili kujitayarisha kwa uzazi, na mzigo wa mbele huongezeka kila siku.

Mtu akishikwa na maumivu

Desturi ya zamani ilikuwa kumlaza mgonjwa kitandani hata maumivu yaishe. Sasa imejulikana ya kuwa kulala siku nyingi hudhuru: misuli hunyong'onyea, na kano hukosa mvuto mdogo uzisaidiao kupona. Apumzike siku moja au mbili ikiwa hawezi kabisa, kisha atembee kidogo kidogo, afanye kazi nyepesi, na kuongeza kadiri awezavyo. Watu wengi hupata nafuu katika majuma machache. Kitambaa cha maji ya moto huliwaza, na kukandwa kwa mkono mwepesi huweza kusaidia. Lakini kuchanjwa chale au kuumikwa kwa wembe uliokwisha kutumiwa na mwingine ni kutafuta maradhi makubwa zaidi.

Kwa wale ambao maumivu yao yamepita miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake mwezi Desemba 2023. Lilikubali mafunzo ya kujitunza, mazoezi ya viungo, na dawa fulani za kupunguza uvimbe zikitolewa kwa uangalifu. Halikukubali mikanda ya kufunga kiunoni kama tiba ya kawaida, wala kuvutwa kwa vyuma, wala dawa kali za kulevya. Basi msomaji asitoe fedha zake kwa mchuuzi wa mikanda kabla ya kuuliza zahanatini.

Mtu asiogope kuinama maisha yake yote. Mgongo ni imara, na kano zitumiwazo kwa kiasi huzidi kuwa na nguvu. Kinachodhuru ni kuzidisha, kukawia na kushtukiza.

Dalili za hatari

Ziko dalili ambazo mtu akiziona asingoje, aende hospitali upesi:

Miguu ikilegea au ikifa ganzi. Ganzi ikiwa katikati ya mapaja, mahali pa kukalia. Mkojo ukizuilika, au mkojo na choo vikitoka bila kujua. Hiyo ni hatari ya saa, si ya siku.

Maumivu yakifuata kuanguka, mathalan mkwezi aliyeanguka mnazini. Huyo asiinuliwe kwa mikono na miguu wala kukalishwa kwenye pikipiki. Achukuliwe amelazwa juu ya ubao au mlango, mwili umenyoka.

Maumivu yakiwa pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda au kikohozi kisichokwisha. Kifua kikuu huweza kushika pingili za mgongo, kuzila, na kumwacha mtu na kibiongo au miguu isiyotembea. Kikitambuliwa mapema hutibika kwa dawa. Wafugaji nao wajue ya kuwa maziwa mabichi huweza kuleta homa itokayo kwa mifugo, nayo huuma mgongo na viungo. Maziwa yachemshwe.

Maumivu kwa mtoto mdogo, au maumivu yasiyotulia hata mtu alalapo usiku, nayo yatazamwe na daktari.

Walio Makurunge waanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Mambo makubwa ya mifupa na mishipa ya fahamu hupelekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Mafunzo ya kufanyiwa darasani

Walimu waweza kuwaonyesha watoto mambo haya bila gharama.

Kwanza, mpimeni mwanafunzi mmoja kimo chake ukutani mara aamkapo, kwa msaada wa mzazi wake, na tena jioni pale pale. Waulizeni watoto sentimita ile imekwenda wapi.

Pili, tundikeni jiwe kwa kamba mpya ya usumba, mkaandike urefu wa kamba saa ya kwanza, ya pili na ya tano; kisha liondoeni jiwe, mkapime tena kila nusu saa.

Tatu, kila mtoto ashike daftari mbili karibu na kifua na kuhesabu mpaka sitini, kisha azishike kwa mikono iliyonyoshwa mbele na kuhesabu vivyo hivyo. Waulizeni: daftari zimeongezeka uzito?

Nao watoto wakirudi nyumbani wawaeleze baba na mama zao sababu ya kusimama kidogo kabla ya kunyanyua gunia. Dakika mbili tatu za kusimama mwisho wa tuta hazimkoseshi mtu mavuno. Lakini mkulima aliyelala ndani juma zima wakati wa palizi, magugu hayamngoji, na watoto wake ndio watakaokula kidogo mwaka ule.